Kupatana Bei Guangzhou: Mita, Yadi na Majora ya Sare za Shule

Mji wa Guangzhou, ulioko kusini mwa China kando ya Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, umezoea kuuziana na wageni tangu zamani sana. Kati ya mwaka 1757 na 1842 serikali ya kifalme ya China iliwaruhusu wafanyabiashara wa Ulaya kufika katika bandari hiyo moja tu, na chai, hariri na vyombo vya kauri walivyovinunua vilipitia hapo. Tangu mwaka 1957 mji huo umekuwa makao ya maonyesho makubwa ya bidhaa, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, katika majira ya Aprili na ya Oktoba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kufika kwa wingi wafanyabiashara wa Afrika, wakiwamo watu wetu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Wengi wao walipanga vyumba katika mtaa wa Xiaobei, na ikawa mtu aliyetoka Kikuubo au Kariakoo aweza kukaa huko juma zima akila wali na nyama ya mbuzi, na kusikia Kiswahili kikisemwa kwenye ngazi za maduka.

Mimi sikusudii kuandika juu ya maonyesho hayo, ambayo wakubwa huyatembelea wakiwa wamevaa tai. Nataka kumpeleka msomaji katika mitaa ya soko la vitambaa liitwalo Zhongda, ng'ambo ya kusini ya mto, ambako tulishinda siku nzima sisi watu wanne mwezi wa Aprili mwaka 2019. Soko hilo si jengo moja. Ni majengo mengi makubwa pamoja na vichochoro visivyo na idadi, ambamo maduka yamesongamana, na majora ya kitambaa yamesimamishwa milangoni kama askari wa gwaride. Njiani hupita baiskeli za magurudumu matatu zilizobeba mzigo mrefu kupita kimo cha mtu, na mwenye kupita asiposikia kengele hupigwa kumbo na jora la hariri ya bandia.

Wa kwanza katika safari yetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mke wa konstebo, ambaye tulimwita Mama Mweka Hazina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na dhamana ya fedha za chama cha akina mama wa kambi yao. Chama hicho kilikuwa na cherehani saba, na kilikuwa kimepewa kazi ya kushona sare za watoto 160 wa shule ya jirani, zitakazovaliwa muhula wa tatu wa masomo, mwezi wa Septemba. Nauli yake hakuilipa yeye. Aliletwa na dada yake mfanyabiashara, aliyemhitaji kumsaidia kukagua viatu, naye akaomba siku moja tu ya kushughulikia vitambaa vya chama. Wa pili alikuwa sajini mstaafu, aliyekuwa safari yake ya sita mjini humo kutafuta vipuri vya pikipiki. Wa tatu alikuwa binti mwanafunzi wa udaktari, aliyekwisha kukaa China miaka minne na kusema Kichina kwa ufasaha. Wa nne ni mwandishi wenu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika daftari.

Hesabu ya Mama Mweka Hazina ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha. Kila mtoto alihitaji mashati mawili, na kaptula au sketi mbili. Shati moja hula mita moja na sentimita 20 za kitambaa chepesi chenye upana wa mita moja na nusu, na kaptula au sketi hula sentimita 90 za kitambaa kizito. Ukizidisha, na kuacha kidogo kwa ajili ya makosa ya mkasi, unapata mita 400 za kitambaa chepesi cha samawati na mita 300 za kizito cha buluu iliyokoza. Mkononi alikuwa na dola 1,100 za Marekani, ambazo zilibadilishwa zikawa yuan 7,370. Wakati huo yuan moja ilikuwa kama shilingi 550 za Uganda. Nauli ya meli ilikuwa imetengwa mbali na ingelipwa mzigo ukifika. Zaidi ya hapo hapakuwa na fedha nyingine, na katika fedha hizo ilikuwamo michango ya wajane watatu.

Tulitoka asubuhi kwa treni ipitayo chini ya ardhi. Tiketi yake ilikuwa kidude cha plastiki cha mviringo, rangi ya kijani, kinachofanana na kifungo kikubwa cha koti. Hewa ilikuwa nzito yenye unyevu, kama kawaida ya Guangzhou katika mwezi huo, na kuta za stesheni zilikuwa zikitoka jasho.

Nje ya stesheni tulimkuta bibi mmoja akiuza machungwa madogo katika vikapu viwili. Mama Mweka Hazina aliuliza bei, bibi akaonyesha vidole vitano, na mama akafurahi akisema kwamba yuan tano kwa kilo si mbaya. Sajini akamzuia kwa upole.

"Mama, si kilo hiyo. Hawa wanapima kwa jin, na jin moja ni nusu kilo. Ukisikia tano, wewe jua ni kumi."

Naam, huo ndio mlango wa masoko ya China. Mizani ya mitaani huhesabu kwa jin, ambayo ni gramu 500, na jin hugawanywa katika liang kumi za gramu 50. Bibi hakumdanganya mtu, maana Wachina wote sokoni husema hivyo. Mgeni ndiye anayejidanganya kwa kuleta kilo yake katika nchi ya jin. Tulinunua jin mbili kwa yuan tisa, baada ya binti kusema maneno mawili matatu ya utani.

Vidole navyo vina lugha yao. Moja mpaka tano ni kama kwetu, lakini kuanzia sita mkono mmoja hutosha. Sita ni kidole gumba na cha mwisho vikiwa vimenyooshwa. Saba ni ncha za vidole vitatu zilizokutanishwa. Nane ni kidole gumba na cha shahada, na tisa ni kidole cha shahada kilichopindwa kama ndoana. Sajini alitusimulia kwamba katika safari yake ya kwanza muuzaji mmoja wa vipuri alimnyooshea alama ya nane, naye akadhani ameelekezewa bastola.

"Nikasema, ndugu yangu, sijakataa kununua!"

Tuliingia sokoni mnamo saa tatu. Duka la kwanza lilikuwa la mama mmoja wa Chaozhou, mji ulio mashariki mwa jimbo hilohilo la Guangdong, na mtoto wake wa miaka mitano hivi alikuwa akichora kwenye kona ya meza. Kabla ya kutaja bei mama huyo alituketisha, akamimina chai katika vikombe vidogo, vilivyo sawa na vya kahawa ya pwani yetu. Binti alipomiminiwa aligonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, na sajini akaiga. Hiyo ndiyo shukrani ya watu wa Guangdong kwa mwenye kumimina chai, na hutolewa bila kukatiza mazungumzo. Mwenye duka alicheka kwa furaha alipoona mtu mzima wa Afrika akigonga meza barabara.

Chai hiyo si ya bure. Mwenye kuketi na kunywa si mpita njia, na wenye maduka wana bei ya mpita njia na bei ya mnunuzi. Katika Zhongda tofauti hiyo ni ya wazi kabisa: ipo bei ya kukatiwa mita mbili tatu za mfano, na ipo bei ya majora mazima, ambayo ni ya chini sana. Kwa sababu hiyo binti hakuuliza "Ni bei gani?" peke yake. Alisema kwanza kwamba tunataka mita 400 za tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na nyuzi za poliesta, na kwamba tunataka iliyopo ghalani leo, siyo ya kuagiza kiwandani. Kisha ndipo akauliza.

Mwenye duka aliandika kwenye kalkuleta: 11. Katika soko hilo kalkuleta hupita mkono kwa mkono kama sahani ya tambuu, na hata watu wasioelewana neno moja huweza kubishana kwa nusu saa. Binti akafuta, akaandika 6. Mwenye duka akashika kifua kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba. Akaandika 10. "Tai gui le," akasema binti, maana yake ni ghali mno. Akaandika 6 na nusu.

Wakati wao wakiandika, Mama Mweka Hazina hakuwa akitazama kalkuleta. Alikuwa amelowesha ncha ya leso yake nyeupe katika chai iliyobaki, naye akawa anaisugua kwenye kitambaa ili aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Kisha akachomoa uzi mmoja, akaomba kiberiti, akauchoma mlangoni. Uzi wa pamba tupu huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini; wa poliesta tupu huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Ule ulifanya yote mawili kidogo kidogo. Akapima upana kwa futi yake ya ufundi cherehani: mita moja na nusu kamili. Mwenye duka alikuwa ameacha kuandika, akimtazama. Alimwuliza binti jambo kwa Kichina.

"Anauliza kama mama ni fundi," akatafsiri binti.

"Mwambie nimeshona miaka ishirini."

Kalkuleta ilirudi ikiwa na 8 na nusu. Hapo maneno yalikuwa machache. Mnunuzi aliyeonyesha kwamba anajua kitu alichokishika hupunguziwa haraka kuliko yule mwenye kelele, kwa sababu muuzaji anajua kwamba maneno ya kusifu hayatasaidia tena.

Tulifika 8, na hapo pakagoma. Sajini alishauri tuage na kuzunguka, kama ilivyo desturi. Mama wa Chaozhou hakutufuata njiani kwa kelele, kama wafanyavyo wachuuzi wa saa na mikoba. Alimpa binti kipande cha mfano chenye namba ya duka, akarudi kwenye chai yake.

Duka la pili lilikuwa vichochoro viwili mbele, na kijana aliyelishika alikuwa mchangamfu mno. Alituita pengyou, yaani rafiki, kabla hatujafika mlangoni. Kitambaa chake kilifanana kabisa na kile cha kwanza. Mama alikichoma, akakisugua, akakubali. Bei ya kwanza kuandikwa ilikuwa 7 na nusu. Sote tuliona kwamba tumeokoa yuan 200 kwa kutembea hatua mia, na Mama Mweka Hazina akaanza kufungua kifundo cha leso.

Sajini akainua mkono. "Mwanangu, mwulize: mi au ma?"

Mi ni mita. Ma ni yadi. Maneno yenyewe yanakaribiana masikioni, na katika soko hilo vitambaa huuzwa kwa vipimo vyote viwili, kila duka na desturi yake. Kijana akajibu bila haya yoyote kwamba ni ma, kwani hakuna aliyekuwa amemwuliza. Yadi moja ni sentimita 91 na kitu. Mwandishi alikaa juu ya jora akapiga hesabu: 7 na nusu kwa yadi ni 8 na senti 20 kwa mita. Kijana mchangamfu alikuwa ghali kuliko mama mkimya. Na kama tungelipia 400 tukidhani ni mita, tungepokea mita 366, na upungufu wa mita 34 ungekuwa mashati 28. Watoto 14 wasingekuwa na shati hata moja.

Watu wengi wa kwetu wakirudi kutoka China husema wameibiwa. Wengine kweli wameibiwa. Lakini nimeona pia mfanyabiashara wa Afrika akiingia dukani na kuomba kwa kinywa chake bidhaa ya bei ya chini kuliko zote, akionyeshwa tatu na kuchagua ya tatu, kisha akaiuza Kampala kwa bei ya ya kwanza. Mnunuzi wa huko akilalamika huambiwa kwamba Wachina ni waongo. Viwanda vya Guangdong hutengeneza kitu kwa kadiri ya fedha iliyotajwa, na aliyetaja fedha hiyo aghalabu haonekani pale kitu kinapopasuka.

Tulirudi kwa mama wa Chaozhou. Chai ilimiminwa upya kana kwamba hatukuondoka. Binti alimkumbusha kuwa sisi ni wateja wake wa kwanza siku hiyo. Huko kama kwetu, mauzo ya kwanza ya asubuhi yana heshima yake, na muuzaji hapendi mteja wa kwanza atoke mikono mitupu. Bei ikashuka hadi 7 na senti 80. Mita 400 kwa bei hiyo ni yuan 3,120. Zikabaki 4,250 kwa ajili ya kitambaa kizito.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kitambaa kizito alianza kukitaja 18, na baada ya vikombe vinne vya chai akafika 15 na kusimama. Kwa bei hiyo mita 300 ni yuan 4,500, nasi tulipungukiwa 250, bila kuhesabu ujira wa mchukuzi. Mama wa Chaozhou akatoa jora jingine, la rangi hiyohiyo, kwa yuan 12 na nusu. Kwa macho halikuwa na kasoro. Lakini mwenye duka mwenyewe alileta kifaa cha chuma kama kifuniko cha chupa kubwa, chenye wembe ndani, akakizungusha juu ya vitambaa vyote viwili na kukata viduara viwili vilivyo sawa. Kila kiduara kina eneo la sentimita 100 za mraba, kwa hiyo uzito wake ukizidishwa mara mia ndio uzito wa mita ya mraba. Mizani ndogo ilionyesha gramu 240 kwa kile cha kwanza na 190 kwa cha pili.

"Watoto huketi chini," akasema Mama Mweka Hazina. "Hiki cha pili kitatoboka kabla ya Krismasi, na mama zao watanijia mimi."

Akakataa. Sajini alitaka tuendelee kubana. Alikuwa na hakika kwamba 14 inapatikana, kwa kuwa mtu aliyetoka 18 mpaka 15 hajafika mwisho wake. Mwenye duka akatikisa kichwa. Ilikuwa karibu saa sita, na tukakubaliana kwenda kula kwanza.

Njia ya kwenda mkahawani ilipita katika kijiji cha Kangle. Nasema kijiji, maana ndivyo kiitwavyo, ingawa mji ulikwisha kukimeza zamani; nyumba zake za ghorofa tano na sita zimekaribiana hata mtu wa dirisha hili aweza kumpa chumvi jirani wa dirisha lile. Katika kila nyumba mlikuwa na karakana za kushona, na wafanyakazi wake wengi walitoka jimbo la Hubei, mwendo wa mbali kaskazini. Kando ya barabara yake walisimama watu kwa mamia katika mistari miwili, na wengi wao walikuwa wameshika nguo mkononi: gauni, blauzi, suruali ya mtoto. Nilidhani ni soko la mitumba.

"Hawauzi nguo," akasema binti. "Hao ni wenye karakana. Wanatafuta mafundi wa leo. Nguo aliyoshika ndiyo kazi yenyewe."

Tukasimama kutazama. Mwanamke mmoja mwembamba, mwenye mkoba mgongoni, alilisogelea gauni lililoshikwa na mwanamume mnene. Akaligeuza ndani nje. Akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono, shingoni, kwapani, kiunoni, akihesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akauliza bei. Mwanamume alisema yuan nne kwa gauni. Mwanamke akaonyesha mshono wa zipu, akasema nne na nusu. Mwanamume akashika kifua vilevile kama mama wa Chaozhou alivyoshika chake asubuhi. Mwanamke akaanza kuondoka, akaitwa, akarudi. Walipatana kwa 4 na senti 20, wakaondoka pamoja kuingia kichochoroni.

Mama Mweka Hazina alimwomba mwenye karakana wa pembeni amwonyeshe gauni lake, naye akampa akidhani ni mnunuzi. Aliligeuza kama yule mwanamke alivyofanya. Alikaa nalo muda mrefu.

"Hili mimi nashona manne kwa saa, nikiwa sina mtoto miguuni," akasema. "Labda wao sita." Akalirudisha. "Sita mara nne na kidogo. Na mashine si yake."

Sajini hakusema kitu. Tulikula tambi kwa supu ya ng'ombe katika mkahawa mdogo uliojaa mafundi wenye nyuzi kwenye nywele, waliokula kwa haraka pasipo kuinua macho.

Ni Mama Mweka Hazina aliyevunja ukimya. Aliuliza kama wenye maduka wa Zhongda huwa na mabaki ya majora, yaani yale yanayosalia kitambaa kinapotiwa rangi mara nyingine. Kila fundi anajua kwamba rangi haitoki sawasawa mara mbili. Buluu ya birika la leo na buluu ya birika la mwezi uliopita hupishana kidogo, na muuzaji akibaki na majora machache ya birika la zamani hupata shida kuyauza, kwa sababu mwenye kiwanda hataki koti lenye mkono wa rangi moja na kifua cha rangi nyingine.

Tuliporudi, mama wa Chaozhou alifikiri kidogo, akapanda ngazi, akateremka na mchukuzi aliyebeba jora la kwanza kati ya mawili. Uzito wake ulikuwa gramu 240, kama kile cha 15. Tuliyapeleka nje mwangani, maana taa za dukani hupotosha rangi. Kweli yalipishana na mapya, kwa kadiri ambayo sajini hakuiona mpaka alipoonyeshwa. Yote mawili yalikuwa na mita 140, nayo yalikuwa ya birika moja.

"Hayafai kwa sare," akasema binti kwa huruma. "Wataonekana tofauti."

"Yanafaa," akajibu mama. "Wasichana wote nitawashonea sketi kwa haya. Wavulana wote kaptula kwa yale mapya. Nani atapima sketi ya msichana na kaptula ya mvulana?"

Mwenye duka aliomba 14 kwa hayo mabaki, na mama mwenyewe akachukua kalkuleta kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliandika 12 na senti 50. Ikarudi 13. Akaandika 12 na senti 80, akamgeuzia mwenye duka na kuweka kidole juu ya meza bila kukiondoa. Ikakubaliwa. Mita 140 kwa bei hiyo ni yuan 1,792. Mita 160 mpya kwa 15 ni yuan 2,400. Pamoja na kitambaa chepesi ikawa yuan 7,312, na wasichana 77 na wavulana 83 wakawa wametoshelezwa. Sajini alimnong'oneza kwamba sasa, baada ya kununua vyote, angeweza kudai ile 15 ishuke mpaka 14 na nusu.

"Hapana, afande," akasema mama. "Hiyo iacheni."

Malipo yalikuwa ya taslimu, ingawa kila duka lilikuwa limebandika alama ya kulipia kwa simu. Wakati huo mgeni asiye na akaunti ya benki ya China alipata taabu kuitumia, mpaka mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni za Alipay na WeChat zilipoanza kupokea kadi za kigeni. Noti zilipitishwa katika mashine ya kuhesabia mara mbili. Stakabadhi iliandikwa kwa mkono, na sajini akataka ionyeshe neno mi, siyo ma, kwa kila mstari, pamoja na namba ya kila jora.

Mambo mengi yamebadilika tangu siku hiyo. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga mipaka ya China, na mwezi wa Aprili mwaka huo Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizopanga, jambo lililozifanya serikali kadhaa za Afrika zilalamike. Novemba 2022 Kangle na vijiji vya jirani vilifungwa kwa amri ya afya, mafundi wa Hubei wakakosa kazi na chakula, na pakatokea vurugu kati yao na polisi. Mipaka ilifunguliwa tena Januari 2023. Zipo pia juhudi za kuhamishia karakana za kushona katika mji wa Qingyuan, kaskazini mwa Guangzhou. Anayekwenda leo ajue kwamba sheria bado inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24, nako hotelini huandikishwa na wenyeji wake. Na ajue kwamba jin, mi na ma ziko palepale.

Jioni ile tulimlipa mwenye baiskeli ya magurudumu matatu yuan 40 kupeleka mzigo kwa wakala wa meli, ambaye hukusanya mizigo midogo ya watu wengi katika kontena moja la kwenda Mombasa na kutoza kwa mita za ujazo. Mwenye baiskeli alitaka 60, na sajini, ambaye alikuwa amenyamaza tangu mchana, alianza kubishana naye kwa vidole kwa nguvu zake zote. Kabla ya magunia kushonwa Mama Mweka Hazina alifungua kila jora, akapima mita kumi za kwanza kwa futi yake, akaandika alama kwa chaki pembezoni: S kwa sketi, K kwa kaptula. Katika leso zilibaki yuan 18. Alinunua sindano za cherehani kwa 15, na tatu zilizosalia akampa binti anunue maji.